Nani Anaidhamini Barua ya Tovuti?

Chukua nyumba ya wageni ya vyumba vinane, Kikwajuni Juu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Si hoteli ya ufukweni Nungwi yenye ofisi yake ya masoko. Ni nyumba ya familia iliyoongezwa ghorofa moja, ina viyoyozi, chai ya asubuhi kwa mkate wa kumimina, na tovuti iliyotengenezwa na kijana wa mtaani kwa bei ya kuelewana. Kwenye tovuti kuna fomu: jina, barua pepe, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, ujumbe. Mtu wa Leipzig anaijaza mwezi wa Novemba akitafuta chumba cha Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Ukurasa unamjibu papo hapo: ahsante, ujumbe wako umetumwa. Anasubiri siku mbili, hapati jibu, anachukua chumba kwingine.

Mwenye nyumba hana habari. Hasara ya namna hii haimgongei mtu mlango, wala hakuna mgeni anayepiga simu kulalamika kwamba hakujibiwa. Anachokiona yeye ni kwamba "tovuti haileti wageni," basi anarudi kwa mawakala wa mtandaoni wanaochukua kamisheni ya asilimia 15 au zaidi kwa kila chumba, au anawategemea papasi wa bandarini. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Wageni wapo, na huenda baadhi yao wameshamwandikia bila yeye kujua.

Lawama kwa kawaida huenda sehemu mbili: kwa "mtandao", au kwa kijana aliyeandika skripti ya fomu. Nadhani zote mbili zinakosea njia. Skripti mara nyingi imefanya kazi yake sawasawa. Barua haifiki kwa sababu hakuna aliyesimama kuidhamini mbele ya wapokeaji, na anayeweza kuidhamini ni yule tu mwenye funguo za jina la tovuti, yaani kikoa. Katika biashara ndogo za Unguja, funguo hizo aghalabu haziko mkononi mwa mwenye biashara.

Tuanze na mtandao, maana ndio unaotajwa kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa wakati mmoja, na Tanzania nzima ikahangaika. Kabla ya hapo Unguja ilishakaa gizani mara mbili: karibu mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, na miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuushuku mtandao. Lakini hebu fuata njia ya ile barua. Mgeni yuko Leipzig, seva ya tovuti iko labda Ujerumani au Marekani, na sanduku la mwenye nyumba liko Gmail. Barua hiyo haikupita Bahari ya Hindi hata kidogo. Kinachopita ni macho ya mwenye nyumba anapofungua simu yake. Hata ingepita, utaratibu wa barua pepe unaoitwa SMTP, ulioandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, ulitungwa kwa mitandao inayokatika. Seva ikishindwa kuifikisha barua huiweka kwenye foleni na kujaribu tena, na kanuni inashauri isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Kwa hiyo barua iliyocheleweshwa na waya hatimaye huingia. Isiyoingia kabisa, basi kuna mahali imekataliwa, au imetupwa kwenye barua taka.

Sasa skripti. Tovuti nyingi ndogo zinaendeshwa na PHP, lugha aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ama moja kwa moja au kupitia WordPress. PHP ina amri fupi iitwayo mail(). Fundi anaandika anwani ya mpokeaji, kichwa cha habari na ujumbe, basi. Amri hiyo yenyewe haitumi chochote nje. Inaikabidhi barua kwa programu nyingine ndani ya seva hiyohiyo, kisha inarudisha jibu la "kweli". Kwenye seva za kukodi zenye paneli ya cPanel, programu hiyo ni Exim, iliyoanzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka huohuo wa 1995. "Kweli" maana yake ni kwamba Exim imepokea mzigo. Kama mzigo utapokelewa Google, Yahoo au kwingineko, mail() haijui na haitajua. Ule ukurasa wa ahsante unasomwa na mgeni kabla safari ya barua haijaanza.

Na safari hiyo ilikuwa rahisi zamani. SMTP ya mwaka 1982 haikumuuliza mtu yeyote yeye ni nani. Ukisema barua inatoka kwa fulani, inatoka kwa fulani. Watu waliotumia mtandao wakati huo walikuwa wachache na wakijuana. Mambo yaliharibika wavuti ulipofunguliwa kwa kila mtu. Skripti maarufu ya fomu ya miaka hiyo, FormMail ya Matt Wright, iliweka anwani ya mpokeaji ndani ya ukurasa wenyewe, kwenye kisanduku kilichofichwa. Aliyejua kukifunua aliweza kubadilisha anwani hiyo na kuifanya seva ya mtu mwingine imsambazie matangazo yake dunia nzima. Fundi akaziba tundu hilo, watu wakagundua jingine: ndani ya kisanduku cha jina, badala ya jina, wanaandika alama ya mstari mpya na baada yake orodha ya anwani za siri. Skripti isiyochuja kinachoingia hubandika maneno hayo kwenye vichwa vya barua, na fomu ya kuulizia chumba inageuka mtambo wa barua taka. Ujanja huu ni wa zamani na bado unafanya kazi kwenye tovuti zisizotunzwa. Hata PHPMailer, maktaba inayotumika ndani ya WordPress kutuma barua, ilikutwa na tundu kubwa Desemba 2016: anwani ya mtumaji iliyoandikwa kwa hila iliweza kumpa mvamizi mamlaka juu ya seva. Tundu lilikuwa kwenye njia ya mail(). Waliotuma kwa SMTP halisi, yenye jina na nywila, walisalimika.

Kampuni za kukodisha seva zilijibu kwa kubana. Zinaweka kikomo cha barua kwa saa kwa kila kikoa, na kikomo kikipitwa barua zinarudishwa au kutupwa. Google Cloud kwa kawaida inafunga poti namba 25 ya kutoka, ambayo seva hutumia kuzungumza na seva nyingine, na Amazon inaibana kwa mteja mpya. Fundi anayehamia huko na skripti yake ya zamani anashangaa kwa nini kimya kimetanda.

Wapokeaji nao walibana upande wao, na huku ndiko mwenye nyumba wa Kikwajuni anakoumia zaidi. Kwa miaka ilipangwa minyororo mitatu ya udhamini, yote ikikaa kwenye DNS, daftari la wazi linaloonyesha kila kikoa kinaelekea wapi. Wa kwanza, SPF, ni mstari unaotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. Wa pili, DKIM, ni sahihi: seva inatia sahihi kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi wa kuihakiki unawekwa kwenye DNS. Wa tatu, DMARC, uliotangazwa mwaka 2012, unauliza swali ambalo ile miwili ya mwanzo ililiacha: je, jina lililopita mtihani ndilo lilelile analoliona msomaji kwenye "Kutoka kwa"? Swali hili ndilo linalozikwamisha tovuti nyingi za hapa. Seva ya kukodi inaweza kuwa na SPF safi na DKIM safi, lakini kwa jina la kampuni ya seva. Barua imedhaminiwa, ila na mtu asiyetajwa juu ya bahasha.

Kuna mtindo mmoja wa kutengeneza fomu ambao ulikuwa unafundishwa kama ustaarabu. Barua inayomfikia mwenye nyumba iliandikwa kwamba inatoka kwa mgeni mwenyewe, ili akibonyeza "Jibu" jibu limwendee mgeni. Ni wazo zuri mpaka uliangalie kwa jicho la mpokeaji: seva isiyojulikana inadai kutuma barua ya Yahoo. Aprili 2014 Yahoo ilitangaza kupitia DMARC kwamba barua yoyote yenye jina lake ambayo haikutumwa kwa njia zake ikataliwe, na AOL ikafuata mwezi huohuo. Fomu za mtindo huo zikaanza kufa duniani kote, na nyingine zinaendelea kufa hadi leo bila mwenyewe kujua, kwa sababu tovuti ilitengenezwa mara moja na haikuguswa tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inataja kughushi vichwa vya barua kwa nia ya kutenda kosa. Fomu ya vyumba haina nia mbaya. Mashine ya kupokea, hata hivyo, haipimi nia, inapima vichwa, na vichwa vya fomu hiyo havitofautiani na vya tapeli.

Dawa yake ni ndogo. "Kutoka kwa" iandikwe anwani ya kikoa cha nyumba yenyewe, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye "Jibu kwa". Mistari miwili ya skripti.

Kisha kuna majirani. Pakeji ya bei nafuu maana yake ni seva moja yenye mamia ya tovuti nyuma ya anwani moja ya IP. Anwani hiyo ni kama ngazi ya yale majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki: mpangaji mmoja akimwaga taka ngazini, mgeni anayepanda haulizi ni nani, anasema jumba hili chafu. Tovuti moja ya WordPress yenye plagini iliyozeeka inavamiwa, inatuma matangazo usiku kucha, anwani ya IP inaingia kwenye orodha nyeusi ya Spamhaus, na asubuhi barua za nyumba ya wageni, duka la viungo na madrasa zinakataliwa pamoja. Wajerumani wamezidi ukali. T-Online, huduma ya barua pepe inayotumiwa na watu wazima wengi huko, inakataa hata anwani ya IP ambayo haina sifa yoyote, nzuri wala mbaya, mpaka mwenye seva ajitambulishe. Kwa nyumba inayotegemea wageni wa Kijerumani hilo si jambo la pembeni, kwani mwenye nyumba anaweza kuwa anapokea maulizo yao na kuyajibu vizuri, na majibu yake yakagonga ukuta.

Februari 2024 Gmail na Yahoo waliongeza masharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na vyote vitatu, SPF, DKIM na DMARC, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Nyumba yetu ya vyumba vinane haitumi idadi hiyo hata kwa mwaka. Lakini sharti la chini linamhusu kila mtumaji: awe angalau na SPF au DKIM, na anwani ya IP itambulike kwa jina mbele na nyuma. Barua isiyo na udhamini inarudishwa na Gmail ikiwa na namba 550-5.7.26. Namba hiyo ndiyo jibu la kitendawili chote, na inaandikwa mahali ambapo hakuna anayesoma: kwenye kumbukumbu za seva, au kwenye sanduku la mtumaji ambaye ni akaunti ya mashine.

Nataka kukaa kidogo kwenye makosa mawili ninayoyaona ya kawaida kuliko yote, kwa sababu hayaonekani kwenye skripti hata ukiisoma mchana kutwa.

La kwanza ni mistari miwili ya SPF. Mwenye nyumba anaamua anwani yake ya info@ ihamie Google, na anaambiwa aongeze mstari huu kwenye DNS:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Anaongeza. Tatizo ni kwamba kampuni ya seva ilishaweka mstari wake unaoanza vilevile, na kanuni inasema kikoa kiwe na mstari mmoja tu. Ikiwepo miwili, mpokeaji anahesabu SPF yote imevunjika. Hivyo mtu aliyejitahidi kuongeza udhamini ameupoteza ule wa mwanzo. Ilitakiwa seva za pande zote mbili zitajwe ndani ya mstari mmoja.

La pili linaumiza zaidi. Barua za kikoa zimehamia Google, barua za wageni wanaoandika moja kwa moja kutoka Gmail zao zinafika, mwenye nyumba ameridhika. Ila barua za fomu hazionekani. Kumbe seva ya tovuti bado inaamini kwamba yenyewe ndiyo nyumbani kwa info@. Fomu inapoiambia itume kwa anwani hiyo, haiangalii nje kabisa, inaiweka barua kwenye sanduku la zamani lililo ndani yake. Hakuna kosa lililoandikwa popote, hakuna barua iliyorudi. Ukiingia kwenye paneli ukafungua sanduku hilo unakuta maulizo ya miezi, kila moja na tarehe zake za kufika ambazo zimeshapita. Kwenye cPanel kuna ukurasa wa kupanga njia za barua, na huko ni kuchagua tu kwamba barua za kikoa hiki zinapokelewa kwingine. Kazi ya dakika moja, kwa mwenye kuijua na mwenye nywila.

Wengine watasema yote haya ya nini, mgeni aandike WhatsApp. Ni kweli WhatsApp imebeba biashara nyingi za Unguja, na kwa safari ya Prison Island au ziara ya viungo ya kesho asubuhi haina mshindani. Nisingemshauri mtu aiondoe kwenye tovuti yake. Lakini wakala wa safari wa Milano anataka ankara kwenye barua pepe, na mgeni mwenyewe ameshazoeshwa kungoja barua za mashine kabla ya kupanda ndege: viza ya Tanzania inaombwa mtandaoni tangu Novemba 2018 na idhini yake humfikia mwombaji kwa barua pepe, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje wanatakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, kupitia mtandao. Mtu aliyepokea hati hizo kwa barua pepe ataona ajabu nyumba ya kulala imjibu kwa emoji.

Njia za kutoka zipo, na hazilingani. Ya karibu ni kuacha mail() na kuiunganisha skripti na sanduku halisi la kikoa kwa SMTP, poti namba 587, kwa jina na nywila. WordPress ina plagini za kazi hiyo. Wengine hutumia akaunti ya kawaida ya Gmail kwa nywila maalumu ya programu, kwa kuwa Google ilifunga njia ya nywila ya kawaida mwaka 2022. Inafaa kwa fomu kumwarifu mwenye nyumba, haifai sana kumwandikia mgeni, kwa sababu jina linaloonekana ni la Gmail na si la nyumba. Ya tatu ni huduma za kupeleka barua, kama ile ya Amazon iliyoanza mwaka 2011, inayotoza senti kumi za dola kwa barua 1,000. Bei hiyo haimtishi mtu. Kinachokwamisha ni kadi ya benki ya kulipia nje, ingawa siku hizi kadi pepe zinazopatikana kupitia akaunti za pesa za simu zimepunguza taabu. Na kabla ya zote, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: skripti iandike ulizo kwenye kanzidata kwanza, ndipo itume barua. Barua ikipotea, ulizo lipo. Nashindwa kuelewa fomu inayompokea mteja na kutegemea nakala moja tu iliyoko hewani.

Ila kila njia ya kutuma kwa jina la nyumba yenyewe inapitia mlango mmoja, nao ni DNS. Bila kuingia humo huwezi kuweka mstari wa SPF, huwezi kubandika ufunguo wa DKIM, huwezi kuandika DMARC. Ukimuuliza mwenye nyumba nani ana nywila ya kikoa chake, utasikia: "Yule kijana, sasa hivi yuko Muscat." Kikoa kimesajiliwa kwa barua pepe ya kijana, kinalipiwa kila mwaka na kijana, na siku ya kubadilisha mstari mmoja inabidi kijana atafutwe kwa simu ya shangazi yake. Tanzania ina mpangilio mzuri wa majina, co.tz kwa biashara na hata hotel.tz kwa hoteli, na jina la kikoa ni mali yenye mmiliki anayeandikwa. Mwenye nyumba amelipia mali bila kuandikwa.

Sitamlaumu kijana kwa pupa. Bei ya tovuti za mtaani ni ndogo, malipo huja nusu kwanza na nusu "tukipata wageni", na kikoa ndiyo rehani pekee aliyo nayo mkononi. Akikikabidhi siku ya kwanza, nusu ya pili huenda asiione. Wanaoandikiana mkataba wa karatasi moja wanaweza kuzigawa funguo hizo. Kikoa kisajiliwe tangu mwanzo kwa jina na simu ya mwenye biashara, kwa sababu jina likipotea, anwani zilizochapishwa kwenye vitabu vya safari na kwenye mikoba ya wageni zinapotea nalo. Seva na mafaili ya tovuti yabaki kwa kijana mpaka alipwe, kwa sababu seva inaweza kuhamishwa kwa siku moja. Na nusu ya pili ilipwe baada ya jaribio ambalo hata asiyejua kompyuta anaweza kulisimamia: fomu ijazwe kutoka simu ya mtu mwingine, barua ifunguliwe kwenye Gmail, ioneshwe katika sura yake ya asili, na juu yake pasomeke PASS mara tatu, kwa SPF, kwa DKIM na kwa DMARC, na pembeni ya DKIM liwe limeandikwa jina la nyumba ya wageni na si la kampuni ya seva.